Madam Debora Masingisa na Jumatano Elfu Moja za Mkuyuni

Jumatano ya tarehe 11 Juni 2025, Mwalimu Debora Masingisa, ambaye shule nzima na nusu ya kata inamwita Madam Debora, alitimiza miaka sitini ya kuzaliwa na miaka thelathini na minne ya utumishi, akastaafu kwa mujibu wa sheria. Sheria haikumuuliza mtu. Kama ingetuuliza sisi walimu wa Shule ya Sekondari Lukwambe, tungeiomba isogee mbele kwa dakika kumi tu, na habari za dakika hizo kumi ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu katika jarida letu la walimu kwa sababu mbili. Ya kwanza, nafundisha Kiswahili, na Mkuu wetu wa Shule, Mwalimu Alfred, anaamini mwalimu wa Kiswahili akilala akiamka ameota insha. Ya pili ni adhabu. Kosa nililolifanya nitalieleza, msinikimbize.

Madam alizaliwa Berega, mtoto wa tatu wa mhudumu wa wodi katika hospitali ya misheni. Baba yake alikuwa mtu wa daftari: joto la mgonjwa, saa aliyomeza dawa, hata idadi ya wageni waliokuja kumwona na kuondoka bila kumwombea. Binti akarithi daftari. Mwaka 1991 aliajiriwa na kupangiwa shule moja ya msingi huko Tindiga, na katika muhula wake wa pili, ili wanafunzi waone kwa macho yao kwamba mmea unahitaji mwanga, akafunika kwa ndoo matuta mawili ya mchicha kwa wiki mbili nzima. Wanafunzi walielewa vizuri sana. Mchicha ulikuwa wa mwalimu mkuu. Alipoomba ruhusa ya kwenda kusoma stashahada, barua ilitoka siku ile ile, ikiwa na mihuri miwili.

Mwaka 1998 akatua hapa kwetu Lukwambe, kwenye barabara ya vumbi kati ya Kilosa na Mikumi, kufundisha Biolojia. Nisiwafiche hali ilivyokuwa. Wanafunzi wetu walinakili sayansi kutoka ubaoni kama mtu anayenakili anwani ya nyumba ambayo hatakwenda kamwe. Walijua kwa moyo sehemu zote za darubini, na shule haikuwa na darubini. Madam aliteseka na jambo hilo kwa miaka minane. Alikuwa akitoka darasani anakaa kwenye benchi la ofisi ya walimu, anatazama sakafu, anasema, "Wamenijibu vyote. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kitu."

Ndipo mwaka 2006, kwenye semina mjini Morogoro, akasikia habari za mradi wa kuhesabu ndege. Watafiti walikuwa wachache, ndege wengi, nchi kubwa. Kwa hiyo waliwaomba wananchi wa kawaida, wakulima, wanafunzi, yeyote mwenye macho na kalamu, wawahesabie ndege na kuwatumia takwimu. Masharti yalikuwa matatu tu. Mhesabu mahali pale pale, bila kuhama. Mhesabu siku ile ile na saa ile ile kila wiki. Na mkae kimya, bila kutikisika, kwa dakika kumi.

Madam alirudi na fomu kama mtu aliyerudi na harusi. Alichagua mkuyu mkubwa ulio kando ya kijito, hatua mia moja kutoka darasa la kidato cha pili, kwa sababu ndege wanapenda matunda yake. Alichagua Jumatano saa moja na nusu asubuhi, kwa sababu ndipo alipokuwa na vipindi viwili mfululizo. Akajaza fomu, akasaini, akatuma. Wiki tatu baadaye serikali ya kijiji ikahamishia gulio siku ya Jumatano. Na njia ya kwenda gulioni, kwa wazee wa vijiji vyote vitatu vya bondeni, inapita chini ya mkuyu ule ule.

Mtu aliyelelewa huku hahitaji maelezo zaidi. Kwa wasomaji wetu wa mbali nitaeleza: mtoto wa Lukwambe akimwona mtu mzima anapita, anasimama na kumwamkia. Hafikirii. Miguu inasimama yenyewe na mdomo unafunguka wenyewe. Usipoamkia, habari itafika nyumbani kabla yako, na utaikuta imekaa kwenye kiti inakusubiri.

Hesabu ya kwanza ilifanyika tarehe 19 Aprili 2006, hata gulio halijahama. Wanafunzi thelathini na wanane walikaa chini ya mkuyu wameshika pumzi. Dakika ya nne akatokea Mzee Kondo, mkulima wa mpunga, anasukuma baiskeli yenye gunia. Wote thelathini na wanane wakasimama kwa mpigo mmoja: "Shikamoo mzee!" Ndege wote wakaondoka. Mzee Kondo akaitika marahaba, akaegesha baiskeli, akauliza hali za nyumbani, akauliza mtoto wa nani ni yupi, akauliza kwa nini wamekaa chini ya mti badala ya darasani. Filimbi ya dakika ya kumi ilipolia bado alikuwa anauliza. Walihesabiwa ndege watatu, na wawili kati ya hao ni kuku waliokuwa ndani ya gunia lake.

Mwalimu mwingine angeandika watatu, akanyamaza. Madam hakuweza, kwa sababu daftari la baba yake lilikuwa halidanganyi. Alichukua rula, akachora safu mpya pembeni mwa fomu, akaipa jina: Shikamoo. Chini yake akaandika moja. Kuanzia siku hiyo, kila fomu iliyotoka Lukwambe ilikuwa na idadi ya ndege na idadi ya wazee walioamkiwa.

Ninavyojua mimi, ni kituo chetu peke yake kilichokuwa na safu hiyo. Mratibu wa mradi, Dokta Letisia, mtafiti mpole mwenye miwani ya kamba, alifunga safari mwaka 2009 kuja kuona kwa macho yake kinachoendelea. Alifika dakika ya sita. Akaona watoto wamekaa kimya, akafurahi, akawasogelea kwa kunyata. Wakamwamkia. Ziara yake imo katika kumbukumbu rasmi za mradi kama shikamoo ya tatu ya asubuhi hiyo.

Dokta hakukasirika, ila alieleza tatizo kwa upole. Takwimu zetu zilikuwa nzuri na za kweli, lakini ili zitumike, lazima ijulikane mkuyu ule una ndege wangapi pale ambapo hakuna mtu aliyewashtua. Walihitaji kutoka kwetu angalau hesabu moja safi, yaani fomu moja tu yenye sifuri kwenye safu ya Shikamoo. Moja ingetosha. Hadi ipatikane, fomu zote za Lukwambe zingekaa kwenye faili la zinazosubiri. Madam alisema hiyo ni kazi ya wiki ijayo. Ilikuwa Machi 2009.

Njia ya kwanza aliyojaribu ni uzio wa matete. Wanafunzi wakakaa nyuma yake wasionekane, na kwa tundu ndogo ndogo wakawa wanatazama mti. Bahati mbaya kupitia tundu hizo hizo waliona na njia. Jumatano hiyo Mzee Kondo alikuwa anapita peke yake na boga kichwani, na matete yakamwambia, "Shikamoo!" Boga lilivunjika vipande vinne. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye msikitini kwamba hakujua ni nini kilichomwamkia, lakini aliitika marahaba kwanza ndipo akakimbia, kwa sababu shikamoo haiachwi hewani hata ikitoka kwenye nyasi.

Njia ya pili, wanafunzi waliketi wakiipa njia mgongo. Wazee walipoona watoto arobaini wamegeukia upande mmoja bila kusema, walidhani kuna msiba shuleni. Wakaja kutoa pole, mmoja baada ya mwingine. Siku hiyo safu ilisoma kumi na tisa, na hiyo ndiyo rekodi yetu.

Njia ya tatu ndiyo iliyompatia Madam jina hadi wilayani. Mwaka 2015 aliomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji, akasimama mbele ya wazee, akapiga magoti kwanza, kisha akaeleza shida yake. Hakutaka watoto waache adabu. Alitaka adabu itolewe mapema. Baada ya mjadala wa saa tatu, wazee walikubali kwamba kila Jumatatu asubuhi watafika mstarini, wapokee shikamoo ya wiki nzima kwa mkupuo, waitike marahaba ya wiki nzima, wasaini daftari, kisha Jumatano wapite mkuyuni wakihesabika kuwa wameshaamkiwa.

Mimi nilicheka sana jambo hilo, na nilicheka hadharani, wala sikatai. Lakini wazee walikuja. Waliletewa uji, wakapewa benchi la mbele. Safu ikashuka kutoka tisa hadi mbili. Haikufika sifuri kwa sababu ya mambo ambayo hakuna mtaalamu angeyatabiri. Bibi Perpetua, mwenye genge la nyanya, alishikilia kwamba shikamoo ya Jumatatu inachacha ikifika Jumatano, na kila akipita alisimama mbele ya watoto, akakohoa, na kungoja mpya. Wengine walisafiri Jumatatu wakadai zao. Wageni wa gulio hawakuwa na habari. Na mara nyingi ni watoto wenyewe: walijizuia kwa wote, halafu akapita babu yao mzaa mama.

Sasa niseme lililonifunga mdomo. Mwaka ule wa 2015, msichana wa kidato cha tatu aitwaye Agnesi alinyoosha mkono darasani na kuuliza ndege wakishashtuliwa huchukua muda gani kurudi. Ndilo lilikuwa swali la kwanza ambalo halikutoka kitabuni tangu afike Lukwambe. Madam alimpa saa apime mwenyewe. Kwa muhula mzima darasa lile lilipima: shikamoo ya mtoto mmoja wa sauti ndogo, tetere hurudi baada ya dakika nne, shikamoo ya darasa zima, dakika saba, mzee akiegesha baiskeli, wanarudi Alhamisi. Walichora grafu kwenye magunia ya sukari. Walibishana kuhusu wastani wakati wa chakula, na chakula kilikuwa wali. Nilipita hapo na kusikia mwanafunzi niliyempa alama kumi na mbili za insha akieleza kwa Kiswahili fasaha kwa nini hesabu moja haitoshi kuthibitisha jambo. Nilikwenda ofisini nikakaa kwenye benchi la Madam, na mimi nikatazama sakafu. Agnesi leo ni mtaalamu wa maabara hospitalini.

Hesabu haikukatika. Wakati wa likizo walikuja wanafunzi wa jirani. Mafuriko yalipofunika kijito, walihesabu wakiwa juu ya madawati. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, Madam alihesabu peke yake kwa Jumatano kumi na tano, na sote tuliamini kwamba hatimaye sifuri itapatikana, kwani mtu mzima wa miaka hamsini na mitano angemwamkia nani? Alimwamkia Mzee Kondo. Alipita kila Jumatano, korona au bila korona, na Madam alisimama kila Jumatano, akaweka mikono nyuma kama binti wa darasa la tatu. Nilipomuuliza kwa nini asifumbe macho tu, alinitazama kwa huruma, kama anavyomtazama mwanafunzi aliyejibu kwamba popo ni ndege.

Mzee Kondo alifariki Septemba mwaka uliofuata. Jumatano baada ya mazishi, wanafunzi walikaa chini ya mkuyu. Gulio lilikuwa limeahirishwa kwa heshima yake, njia tupu, hakuna mtu. Sifuri ilikuwa imekaa pale inatungoja. Dakika ya nne, saa ile ile aliyozoea kutokea na baiskeli, darasa zima likasimama bila mtu kuliambia, likaiamkia njia. Ndege wakaondoka. Madam aliandika moja. Aliandika bila kusita, na katika sehemu ya maoni akaandika jina la Mzee Kondo. Nililia siku hiyo, na sijui kwa nini niseme vingine.

Tuje kwenye mwaka huu. Januari, Dokta Letisia alimpigia simu Madam. Mradi unaandika ripoti yake kubwa ya miaka yote, na faili la zinazosubiri litafungwa mwisho wa Juni. Lukwambe isipotuma hesabu moja safi kabla ya hapo, miaka kumi na tisa itabaki nje. Madam alimshukuru, akaiweka simu mezani, akafungua kalenda. Alihesabu kwa kidole, akarudia. Jumatano yake ya mwisho kazini, siku ya kustaafu kwenyewe, ilikuwa hesabu ya elfu moja.

Hakuwahi kutuambia kwamba anaogopa. Lakini tulimwona akitembelea wazee nyumba kwa nyumba baada ya kazi, na tulimwona akipungua. Jumatano baada ya Jumatano tulikosa: mara mgeni, mara babu, mara Bibi Perpetua na kikohozi chake. Hesabu ya mia tisa tisini na tisa, tarehe 4 Juni, ilikuwa nzuri ajabu. Dakika ya tisa na nusu, safu tupu, ndege ishirini na saba. Ndipo akatokea mtu anakimbia kutoka ofisini, furaha imemjaa, akija kuuliza kama keki ya sherehe ya kumuaga Madam iwe ya nanasi au ya vanila. Watoto wakasimama. "Shikamoo mwalimu!"

Mtu huyo ni mimi. Hilo ndilo kosa langu. Madam aliandika moja, akanijibu kwamba ya nanasi itafaa, akaenda darasani. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo Jumatano ya tarehe 11 kila mtu alijua kinachopiganiwa. Mkuu wa Shule, anayeisoma barua ya serikali neno kwa neno, aliamua kwamba kwa kuwa Madam kuanzia tarehe hiyo si mtumishi tena, ni mgeni wetu, na mgeni hasimamii kipindi. Angeletwa kwa maandamano saa nne, kwa bajaji iliyopambwa mapazia ya harusi, ngoma zikitangulia. Hesabu ingesimamiwa na kiongozi wa kundi la kuhesabu, Marselina wa kidato cha tatu, binti mwenye jicho kali, na mimi niliwekwa pembeni yake nimetubu. Bibi Perpetua, msinione mwongo, alikwenda mwenyewe tangu alfajiri kusimama kwenye mashine ya kusaga, akawazuia wazee kumi na wanne na vikapu vyao wasipite hadi filimbi ilie. Walikaa juu ya magunia wakila mihogo kimya kimya. Saa moja na nusu Marselina akabonyeza saa. Wanafunzi arobaini na sita. Tetere tisa, mnana kumi na mmoja, hondohondo wawili wakaja wenyewe na kelele zao.

Ambacho hakuna aliyekitazamia ni mgeni rasmi kutoka serikalini. Alikuwa na shughuli nyingine Kilosa mjini, akataka yetu ianze mapema, na Mkuu wa Shule hawezi kumkatalia mgeni rasmi. Maandamano yakaondoka nyumbani kwa Madam saa moja na robo. Barabara kubwa ilikatwa na mvua za masika. Njia iliyobaki ni ile ya mkuyuni.

Dakika ya tano nilisikia ngoma kwa mbali. Kisha zikanyamaza ghafla. Waliokuwa kwenye maandamano wanasema Madam aliitazama saa yake, akaruka kutoka kwenye bajaji ikiwa inatembea, akasimama mbele ya ngoma amenyoosha mikono. Kurudi nyuma hawakuweza, njia ni nyembamba, wala kungoja, kwani mgeni rasmi alikuwa ameshakunja uso. Injini ikazimwa. Kwenye kona tukawaona wanakuja: Mwalimu Joyce wa nidhamu na wapiga ngoma wanne wanasukuma bajaji ya harusi, Mkuu wa Shule ananyata, mgeni rasmi ananyata viatu mkononi. Ndani ya bajaji kulikuwa na mama yake Madam, Bibi Agatha, miaka themanini na saba, ameletwa kutoka Berega kushuhudia binti yake akiheshimiwa. Na mbele ya wote, kwa miguu, Madam mwenyewe, kwenye gauni la kitenge kipya, akija kupita mbele ya watoto wake.

Mikutano yote ile na daftari lote lile la Jumatatu havikuwa vimewaandaa kwa mtu huyo. Yeye siku zote alikaa nao chini ya mti, hakuwahi kupita njiani. Wakimwamkia, miaka kumi na tisa inakwenda. Wasipomwamkia, wanamwaibisha mwalimu wao siku ya mwisho, mbele ya mama yake na ya serikali.

Alipita. Emanueli wa kidato cha pili, miguu yake ilianza kunyanyuka. Wenzake wawili wakamshika sweta, akakaa, machozi yanamtiririka. Hakuna aliyesimama, na midomo ilibaki imefungwa. Madam hakuwageukia, alitazama mti. Bajaji ikafuata, na Bibi Agatha akatoa kichwa katikati ya mapazia, akawatazama watoto arobaini na sita, akangoja. Akangoja tena. Kisha akasema jambo kwa Kikaguru, ambalo Madam hadi leo amekataa kunitafsiria. Kalamu ya Marselina iliendelea: kwezi wanane, tetere mwingine.

Filimbi ikalia. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Walimkimbilia wote, wengine wakapiga magoti vumbini, na shikamoo ile ilipasuka kwa nguvu hata mkuyu ukabaki bila ndege hata mmoja, na wazee kule mashineni wakaitika marahaba wakidhani ni yao. Bibi Agatha alipoelezwa, alikubali maelezo lakini akakataa mkupuo. Alitaka kila mtoto na ya kwake. Akaitika marahaba mara arobaini na sita, akiuliza kila mmoja kwao ni wapi. Mgeni rasmi hakuiwahi shughuli yake ya Kilosa.

Marselina alimletea Madam daftari. Ndege thelathini na mmoja. Shikamoo: sifuri. Madam aliitazama sifuri ile kwa muda mrefu, akaigusa kwa kidole. Tulidhani atasaini. Alikumbuka kwamba si mtumishi tena, akanipa mimi kalamu. Tangu siku hiyo daftari liko kwangu, mwalimu wa Kiswahili nisiyejua kumtofautisha mnana na shomoro. Marselina ananifundisha. Kesho yake ulifika ujumbe wa Dokta Letisia: zimepokelewa zote elfu moja.

Madam Debora, asante kwa miaka thelathini na minne, kwa mchicha wa watu, na kwa swali la Agnesi. Asante kwa kukubali keki ya nanasi. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha huko Berega, na asubuhi ndefu zisizo na kengele. Na Jumatano yoyote ukipita mkuyuni saa moja na nusu, usishangae tukikutazama bila kusimama. Shikamoo yako ipo, tumeishika mdomoni. Utaipata dakika ya kumi na moja.